Treni Iliyotokea Ziwani

Wenzangu wa umri wangu wana starehe zao. Mmoja anafuga kuku wa kienyeji, mwingine hakosi kwaya, mwingine ukimtafuta Jumamosi utamkuta kwenye harusi ya mtu asiyemjua. Mimi huenda kuangalia ndege mbovu. Nikisikia kuna ndege ya zamani imeegeshwa mahali, injini imetolewa, popo wamehamia ndani, nitatafuta sababu ya kupita hapo. Na nikipata siku mbili za mapumziko nakata tiketi ya treni ya umeme, naenda nayo hadi mwisho wa safari, nakunywa chai, narudi nayo. Wanangu wakiulizwa nilipo hujibu, "Mama amekwenda kusalimia treni." Wanadhani wananitania, kumbe wanasema kweli tupu.

Majuzi nilikuwa nimesimama kando ya ndege moja ya aina hiyo, pangaboi moja puani, mabawa yameketi juu ya paa, rangi imebanduka. Dada mmoja alikuwa anafyeka nyasi kuizunguka. Harufu ya majani mabichi yaliyokatwa ikachanganyika na ile ya mafuta yaliyogandia kwenye chuma, nikajikuta nimeegemea ubavu wa ndege na macho yamejaa maji. Dada akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Nikatoa simu, nikampigia baba, aliyeko Mbinga.

"Baba, shikamoo. Nimesikia harufu yako huku."

"Marahaba. Harufu gani tena? Mbona nimeoga?"

Ndivyo alivyo baba yangu. Tulicheka, tukaulizana habari za mvua, lakini nilipokata simu niliendelea kusimama pale, nikakumbuka ule mwaka tuliokaa ziwani.

Sisi ni Wamatengo, watu wa milimani. Nilizaliwa Mbinga, kwenye ukungu na mibuni, kwa bibi aliyelima ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, hadi mgongo ukagoma kunyooka. Baba sikumwona sana utotoni. Alikuwa ameajiriwa kwenye reli, mbali, kupita Songea, kupita Njombe, huko ambako mimi nilidhani ndiko dunia inakofikia ukingo. Alikuja Krismasi akiwa na mkate, sabuni ya kunukia, na hadithi. Sabuni iliisha kabla ya Januari. Hadithi zilinitosha mwaka mzima.

Alisema treni ni nyumba ndefu zilizoshikana mikono. Alisema inapita juu ya vyuma viwili vyembamba na haianguki. Alizungumza juu yake kama mtu wa familia. "Anapanda mlima huyo, anahema, moshi unautangulia mngurumo. Moshi mweusi unauona kwanza, kwa mbali, umesimama, halafu unaona umeanza kutembea. Ukiona moshi unatembea, jua anakuja." Nilikuwa nikimsikiliza huku nimeshika mguu wa suruali yake ili asiondoke. Kichwani mwangu baba ndiye aliyekuwa akiiendesha hiyo treni. Sikumuuliza, na yeye hakuwahi kusema hivyo, lakini kwa jinsi alivyoijua, angekuwa nani mwingine?

Kisha mkataba wake ukaisha akarudi nyumbani moja kwa moja. Haukupita muda akapata kazi ziwani, upande wa Lundo, ambako misheni ilikuwa na kiwanja kidogo cha ndege. Si uwanja wenye lami, la. Ni nyasi tu, kipande kirefu kati ya mashamba ya mihogo na pwani, na walihitaji mtu wa kukifyeka na kukitunza. Kaka yangu mkubwa, Kasto, akabaki na bibi kwenye kahawa. Mama, baba na mimi tukateremka na lori la misheni, masikio yakiziba na kuzibuka kwenye kona, joto likiongezeka kila tulipoinama kushuka. Nilipoliona ziwa kwa mara ya kwanza nilimuuliza mama kwa nini huku mbingu imeshuka chini. Mama naye alikuwa analitazama kwa mara ya kwanza. Aliniambia ninyamaze kwanza.

Kazi ya kiwanja ilikuwa na utaratibu wake. Baba alifyeka kila siku isipokuwa Jumapili, akianzia upande wa mihogo akimalizia upande wa maji, na akifika mwisho mwanzo umekwisha kuota tena. Mbuzi wa kijiji kizima walikuwa wanajua kwamba majani yaliyofyekwa huchipua laini, kwa hiyo walishinda pale. Ndege ilipokuja haikushuka mara moja. Ilizunguka kwanza, chini kidogo, juu ya mapaa ya nyasi, na huko kuzunguka ndiko kulikokuwa kubisha hodi. Hapo kila mtoto aliyekuwa karibu alitakiwa kuacha alichonacho mkononi na kukimbilia kiwanjani kufukuza mbuzi. Ndege ikizunguka mara ya pili, kiwanja kiwe cheupe. Tulikuwa hodari. Tulikimbia kwa mstari, mikono tumeitanua, tukipiga kelele, na mbuzi wenyewe nao walikuwa wamezoea, walitoka bila hofu wakitafuna.

Ilikuwa ndege ya kizee hata wakati ule. Ilipokohoa tulijua ni yenyewe kabla haijaonekana. Ilileta daktari, dawa, na mara nyingine chanjo kwenye boksi lenye barafu, na rubani alitugawia vipande vya barafu tuviangalie vikiyeyuka viganjani. Nilipenda kusimama karibu na injini ikipoa, ikilia tik, tik, tik, na kunusa mafuta ya moto pamoja na majani ya baba. Nadhani ugonjwa wangu wa ndege ulianzia hapo, na sijautafutia dawa.

Sasa hapo ndipo penye kichekesho. Watoto wa kwetu ndege tuliizoea kuliko baiskeli. Hakuna aliyeishangaa. Lakini treni! Treni hakuna aliyewahi kuiona, si mtoto, si mvuvi, na wengi waliona ni uongo wa watu wa milimani. Jioni wanaume walipokuwa wakitengeneza nyavu, baba alikaa nao, kwa kuwa kuvua hakujua na mtumbwi aliuogopa, na walipomwomba hadithi aliwapa alizokuwa nazo. Aliwaambia pia alichosikia kwa fundi mmoja mgeni, kwamba ng'ambo wana treni inayokwenda kasi hata ndege ya misheni ingeachwa nyuma.

"Mmatengo, ngoja kwanza," alisema Baba Skola, mwenye nyavu. "Nyumba kumi zimeshikana. Zinakimbia juu ya vyuma viwili. Na zinaipita ndege."

"Ndivyo alivyoniambia."

"Na kuanguka haianguki."

"Haianguki."

"Basi na mimi jana nimevua mbasa mwenye kofia."

Walicheka, na baba alicheka nao. Mimi sikucheka. Skola, binti yake, tulikaa dawati moja shuleni, na kila alichosema baba yake usiku yeye alikileta asubuhi.

Siku hiyo ninayotaka kuisimulia tulikuwa nje ya darasa tunafagia. Ziwa lilikuwa limetulia. Niliinua macho nikauona moshi. Ulikuwa mbali, juu ya maji, mweusi, umesimama wima kuliko mti wowote. Nikaacha kufagia. Moshi ukaanza kutembea.

Mtu wa ziwani angejua. Mtoto wa ziwani wa miaka mitatu angejua, angekimbilia nyumbani kumwambia mama yake alete ungo. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa ngolo, nina miezi michache tu pale, na kichwani nilikuwa na maneno ya baba: ukiona moshi unatembea, jua anakuja. Nikatupa fagio. "Treni!" nikapiga kelele. "Treni ya baba inakuja! Mbuzi! Fukuzeni mbuzi!"

Kwa sababu kama inakuja, itashukia wapi? Kijiji chetu kilikuwa na mahali pamoja tu pa kushukia.

Nilikimbia hadi kiwanjani, shule nzima ikanifuata, wengine wakidhani ni ndege, wengine wakifuata kelele tu. Mwalimu alikuja nyuma akituita na mwishowe naye akawa anakimbia. Nilifukuza mbuzi peke yangu kutoka mwisho hadi mwanzo. Nilirudi katikati ya kiwanja, nikasimama nimetanua mikono, nikiuangalia ule moshi ukivimba na kusogea. Sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa nafikiri nyumba zitakazoshuka zitatosha kijiji kizima.

Ukafika. Haukuwa moshi. Ulikuwa wadudu, wadogo kuliko punje ya mtama, mamilioni kwa mamilioni, laini, wasiouma, wakajaa machoni, puani, mdomoni, kwenye nywele. Ni nkungu, wadudu wa ziwa, ambao huinuka majini kwa pamoja na kupeperushwa na upepo hadi ukadhani giza limeingia. Wanawake walikuwa wameshatoka na nyungo na masufuria yaliyolowanishwa, wakivipunga hewani na kuwakusanya wadudu, maana wakifinyangwa na kukaushwa ni kitoweo kizuri. Wote walikuwa wanafurahi. Na katikati ya furaha hiyo nilisimama mimi, mikono bado nimetanua, Skola ananionyesha kidole, anacheka hadi amekaa chini. "Anasubiri treni! Jamani, anasubiri nkungu wamshushie baba yake!"

Kijiji kizima kilicheka. Siwalaumu, ningekuwa wao ningecheka hadi leo.

Baba alitokea upande wa mihogo, fyekeo mkononi, nkungu wamemganda kwenye nyusi. Alipita katikati ya watu. Aliuangalia uwanja mtupu, akawaangalia mbuzi waliojipanga pembeni, akanifuta uso kwa kiganja chake kilichojaa ukijani wa nyasi.

"Umefukuza mbuzi vizuri," akasema. "Hata mmoja hakubaki."

Nimeishi na neno hilo hadi leo. Nimesifiwa na wakubwa kazini, nimepewa vyeti, hakuna sifa iliyonishika hivyo.

Hata hivyo mtoto ni mtoto. Kesho yake shuleni niliitwa Stesheni. Nikipita wanalia puuu, nikikaa wanauliza abiria wangapi wameshuka. Siku mbili zilinitosha. Ya tatu nilikwenda kujificha kwenye mihogo hadi mchana, na iliyofuata vilevile, hadi mama akanipata. Hakunichapa. Alikaa chini pamoja nami, na hapo ndipo nilipomuuliza nililokuwa nalo moyoni.

"Mama, baba ni mwongo?"

Sikuwa nimegundua kwamba baba alikuwa mstari wa pili wa mihogo, amekuja kunitafuta naye. Fyekeo lake lilikuwa limesimama. Leo mimi ni mzazi na najua swali lile lilimkata vipi. Kuchekwa na wavuvi alikumudu. Lakini mimi nilikuwa mtu pekee pale ziwani aliyemwamini bila kuomba ushahidi, na sasa nilikuwa nimeanza kutilia shaka. Nilikuwa karibu kumpoteza baba yangu naye amesimama hatua chache kutoka kwangu.

Jioni baba alikwenda kwa Padri wa misheni kuomba ruhusa. Mama akashika fyekeo la kiwanja, akasema kama ni mbuzi yeye anawajua kuliko baba. Akatufungia mbasa wakavu kwenye kikapu, na lori lilipopanda Mbinga tukapanda nalo, mimi na baba.

Tulilala kwa bibi, moto ukiwaka, Kasto akiniuliza maswali ya ziwa. Toka hapo basi hadi Songea, toka Songea basi jingine, milima na mashamba na milima. Nilitapika nilichokula na nisichokula. Baba alinishikia kichwa dirishani na kuniambia majina ya mito. Mji tulioufikia alfajiri ulikuwa na baridi na upepo wa kukata masikio, na baba hakunipeleka kutafuta pa kulala. Alinipeleka moja kwa moja kwenye reli.

Vile vyuma viwili vilikuwepo. Nilivigusa. Vilikuwa vya baridi, vinang'aa juu, vimenyooka hadi macho yanaposhindwa. Lakini vyuma si treni, na Skola angesema hivyo hivyo.

"Anapita asubuhi," alisema baba. "Bado kidogo."

Asubuhi ikapita. Mchana ukaja, tukala muhogo na mbasa. Baba alianza kutembea, kwenda na kurudi, akiangalia upande mmoja. Alipomuuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza chai, yule mama alishangaa. "Asubuhi? Siku hizi ni jioni, baba. Ilibadilishwa zamani." Baba alikuwa amezibeba saa za miaka yake ya kazi. Na basi la kuturudisha lilikuwa la asubuhi inayofuata, kwa hiyo kama jioni ile haitakuja, basi. Alikaa karibu yangu akanifunika koti lake. Nikamwona, kwa mara ya kwanza, amekosa la kusimulia.

Mwanamume mmoja mfupi mwenye kofia ya sufu alipita na wenzake wakiwa na makoleo. Akasimama.

"Hee! Si Mmatengo wangu huyu?"

Baba aliinuka haraka. "Shikamoo, mnyapara."

"Marahaba, marahaba. Jamani, mnamwona huyu? Hakuna aliyefyeka njia kama huyu. Tangu uondoke nyasi zinatucheka." Akanigeukia mimi. "Na huyu?"

"Binti yangu. Amekuja kuiona treni."

Nikasikia, nikaelewa. Kumbe baba hakuwa akiiendesha. Alikuwa akifyeka nyasi kando ya reli, kama alivyofyeka kiwanjani. Mtu mzima anaweza kudhani niliumia. Wala! Nilikuwa natoka mahali ambapo rubani anazunguka juu akisubiri baba yangu na watoto tumwandalie njia, na asipoandaliwa hashuki. Kwa akili zangu, mwenye kuendesha ni mtu wa kuja na kuondoka tu, mwenye mamlaka ni mwenye fyekeo. Kusikia kwamba hata treni ilikuwa hivyo hivyo, kwamba na yenyewe ilimhitaji baba kwanza, kulinikuza kichwa.

Jua lilikuwa limeanza kuwa jekundu nilipohisi kitu kwenye nyayo. Baba naye alihisi, maana alinishika bega. Hakukuwa na moshi. Kulikuwa na taa moja, mbali, haitikisiki, inakua. Kisha mngurumo, kisha ardhi ikaanza kunitetemesha meno.

"Baba, moshi uko wapi?"

"Anateremka. Akiteremka hahemi."

Ikafika. Siwezi kuwaeleza zaidi ya kusema kwamba ilikuwa ndefu. Ilipita kichwa, ikapita nyumba, ikapita nyumba nyingine, madirisha na nyuso za watu na mtoto anayekula ndizi, na ilikuwa bado inakuja. Nilianza kulia. Nililia kwa sababu yote yalikuwa kweli. Kila neno. Nyumba zilikuwa zimeshikana, vyuma vilikuwa viwili, na haikuanguka.

Iliposimama, mnyapara aliongea na mtu, mtu akaongea na mwingine. "Pandeni hadi kituo cha mbele," akasema. "Watu wangu wanalala huko, alfajiri wanarudi na kiberenge, mtarudi nao." Kiberenge ni kigari kidogo cha mafundi wa reli. Baba alitaka kukataa, akasema hatutaki kuwasumbua, lakini mimi nilikuwa nimeshaweka mguu kwenye ngazi.

Ndani kulikuwa na viti vitupu. Nilikaa dirishani. Baba hakukaa. Alisimama katikati ya njia, mkono mmoja juu, mwingine umeshika mgongo wa kiti changu, amenyooka, anaangalia mbele, na hakukaa hata mama mmoja alipomwambia, "Baba, viti vipo." Nilimtazama kwa fahari. Niliona ndivyo wanavyosimama wenye treni. Nje giza lilikuwa linaingia, nyasi za kando ya reli zikikimbia kurudi nyuma, na alikuwa ameachia midomo kidogo akiziangalia nyasi zile.

Alfajiri tulirudi na kiberenge, upepo wa baridi unatupiga, wafanyakazi wakiimba, na baba humo alikaa miguu inaning'inia, akicheka, akiwataja kwa majina ya utani. Sikujiuliza kwa nini kwenye kigari kile cha wazi alikuwa mwepesi hivyo na kwenye treni alikuwa kama mlingoti. Nilikuwa na mengi ya kufikiria.

Shuleni Mwalimu alinisimamisha mbele. Nilisimulia hadi kengele ikalia na hakuna aliyetoka. Skola aliuliza swali moja tu, "Kweli haianguki?" Nikamwambia nenda kamuulize baba yako kuhusu mbasa mwenye kofia. Darasa likaangua kicheko, na safari hii Skola alicheka pamoja nasi. Jioni ile watoto walikuja kiwanjani, tukashikana viuno, mstari mmoja, mimi mbele, tukaikimbia nyasi ya baba kutoka mihogoni hadi majini, mbuzi wakitupisha. Wavuvi nao wakaanza kumwomba hadithi kwa namna nyingine. Baba Skola alikuja na samaki mkononi, akasema, "Mmatengo, hebu rudia ile ya ng'ambo, ile inayoipita ndege." Niliwaambia wote kwamba baba hakai kwenye treni, husimama, na hawa walioishi na maji waliona ni sawa, maana hata nahodha wa mtumbwi husimama. Baba alinisikia nikisema hivyo. Alikohoa, akainamia wavu.

Tulirudi Mbinga baadaye, maisha yakaendelea, nikasoma, nikaajiriwa, nikawa mama anayesalimia treni. Reli ya kufika ziwani wazee wamekuwa wakiisubiri tangu sijazaliwa, na bado wanaisubiri. Ile nyingine, inayokimbia, imekuja nchini nikiwa na mvi. Mwaka jana baba alipokuja kwangu kutibiwa macho, daktari alipomaliza naye, nilimwambia twende mahali. Hakuuliza wapi.

Alitembea kwenye ile stesheni ya vioo akiwa amevua kofia, kama anaingia kanisani. Nilimweka dirishani. Treni iliondoka bila kelele, bila kuhema, na akageuka kuniangalia ili ahakikishe kama kweli tumeondoka. Kisha miti ikaanza kukimbia, nguzo zikawa haziwezi kuhesabika, na juu ya mlango namba za mwendo zikapanda, zikapanda. Baba alikuwa ameshika mapaja yake kwa mikono miwili. Mikono ile bado ina sugu la fyekeo.

"Leo nimekaa," akasema.

Sikumwelewa. Nikamuuliza kama kiti hakimfai.

"Siku ile nilisimama," akasema, macho yakiwa nje. "Magoti yalikataa kukunjika, mwanangu. Niliogopa. Miaka yote ile kwenye nyasi nilikuwa namwona anapita, nilikuwa nawaona watu ndani, lakini mimi sikuwahi kumpanda. Nilikuwa wa kiberenge. Siku ile ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza." Akanigeukia. "Halafu wewe ukawaambia watu wote nasimama kwa sababu mimi ndiye mwenyewe. Nikaona nikuachie."

Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto wakubwa, kwenye behewa lililojaa watu wenye simu, na nililia kama nilivyolia kando ya reli nikiwa na koti lake mabegani. Alikuwa amenipeleka kunionyesha kitu ambacho yeye mwenyewe alikiangalia kwa nje maisha yake yote, na alipokipata kwa mara ya kwanza alikipata akiwa ameshika kiti changu ili mimi nisianguke. Nilimwambia asante. Nilimwambia kwa sauti, maana baba yangu siku hizi hasikii vizuri, na abiria wawili wakageuka.

Alinipigapiga mkono, akarudi kutazama nje. Tulipoanza kupunguza mwendo aliniinamia, akaniuliza kwa sauti ndogo, kama anayeogopa kusumbua watu:

"Na ikifika, inarudi?"

"Inarudi, baba."

"Tunaweza kurudi nayo?"

Nilikuwa nimeshakata tiketi za kurudi, lakini sikumwambia. Nilijifanya nafikiri kwanza, kisha nikasema tunaweza, na nikamwona baba yangu, kwa furaha, akijisogeza vizuri kwenye kiti.